Dago Halina Msingi

Waliokuja kuhesabu walihesabu minazi. Walikuwa vijana wawili wa ofisini na mzee mmoja wa pale pale aliyekuwa akiwatajia: huu wa fulani, ule wa marehemu fulani sasa ni wa wanawe, ule ulioinama bado una kesi. Kila mnazi ukapigwa namba kwa rangi nyeupe na mwenyewe akaingia daftarini. Wakahesabu mti wa mkungu, wakahesabu miembe, wakapima hata msingi wa mawe wa nyumba ambayo haijawahi kupandishwa ukuta. Kisha wakapita katikati ya vibanda vyetu, mmoja kaziba pua kwa leso, wakaliruka rundo langu la kuni, wakaenda zao. Hakuna aliyetuuliza majina.

Barua ya kutuhamisha ilikuja baadaye, lakini mimi mambo niliyajua siku ile. Ukiona watu wanahesabu na wewe humo kwenye hesabu, ujue ushahamishwa, imebaki tarehe tu.

Nimeona niandike kwa sababu tangu nirushe mtandaoni picha za vibanda vyetu vya wavuvi na wachemsha dagaa vikiungua siku tuliyohamishwa, kila mtu wa mjini ananiuliza swali moja: "Kwani hamkulipwa fidia?" Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa kudhani tumelipwa na tunataka tena. Jibu ni fupi: hatukulipwa. Lakini ukilitoa hivyo hivyo halieleweki, inabidi nianzie mbali kidogo.

Diko lenyewe, yaani pahala pa pwani boti zinaposhusha samaki, silitaji. Liko Unguja, upande wa magharibi, kaskazini ya mji. Wanaolijua watalijua kwa moshi wake.

Kwa msomaji aliyekulia mbali na bahari, dago ni kambi ya wavuvi waliotoka kwao wakafuata samaki. Wanajenga vibanda vya makuti juu ya mchanga, wanavua msimu, wanaondoka. Mimi ni mtoto wa dago. Baba yangu ni Mkojani, na Kojani, kile kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, watu wake wanajulikana pwani nzima kwa kulala kwenye mchanga wa wenzao: Tanga, Mafia, Kilwa, na ng'ambo ya Kenya kuanzia Vanga kwenda juu. Kaskazi ikitulia, wanaume walikuwa wanapakia nyavu, mchele, mapipa ya maji na baadhi ya wake zao, na nusu ya darasa letu inapotea. Walimu wa Pemba wanalijua tatizo hili vizuri. Mimi mwenyewe nimesoma skuli tatu za watu, na ya kwetu nikaimalizia kwa kulazimishwa na bibi.

Ila watu wanakosea wakidhani dago ni kujibwaga tu pwani. Dago lina hodi yake. Nahodha anatoka kwao na barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wake. Akifika, kabla hata ya kushusha sufuria, anakwenda kwa sheha wa pale na kwa wazee wa mji, anatoa hela ya ubani, anakaa chini, anaulizwa amekuja na watu wangapi na nyavu gani. Ndipo anaelezwa: kisima ni kile, msikiti ni ule, mwamba ule msiuguse, Ijumaa hakuna kutoka mpaka watu wasali. Wanawake wavae kwa stara wakipita mjini. Ukivunja masharti, mwakani usirudi.

Na kulikuwa na sharti jengine ambalo hata halitajwi, kila mtu kazaliwa nalo: mgeni hapandi mti. Ukiazimwa pahala panda muhogo, panda mtama, vitu vya kuvuna ukaondoka. Mnazi hapana, mwembe hapana, mkarafuu ndiyo kabisa. Mti ni kauli. Mti unasema mimi nipo na wajukuu wangu watakuwepo. Nikiwa mdogo, tukiwa dago la Mafia, kokwa la embe tulilotupa lilichipua nyuma ya kibanda. Mama akataka tuliache, likue watoto wapate kivuli. Baba akaling'oa pamoja na mzizi wake, akalipeleka mkononi kwa mzee wa mji, akamwambia, "Shikamoo mzee, hili limeota lenyewe, tusije tukaonekana tunaanza jambo." Yule mzee akacheka, akalipanda uani kwake. Nasikia linazaa mpaka leo.

Sasa shikeni hapo kwenye mti, maana ndipo penye fundo lote.

Zanzibar, tangu Mapinduzi ya 1964, ardhi ni ya Serikali. Sheria ya ardhi ya 1992 ikaandika wazi kwamba ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Lakini mti ni wako. Kwetu mtu anamiliki mnazi uliosimama kwenye ardhi ya mwengine, anaurithisha, anauweka rehani, ndugu wanaugombania mpaka wanakatana undugu. Kwa hiyo ardhi ikichukuliwa kwa mradi, mazungumzo ya fidia yanakuwa juu ya kilichomo: miti mingapi, mazao gani, jengo la namna gani. Kwa mkulima wa karafuu au minazi utaratibu huu una akili, na wako waliolipwa wakajengea nyumba. Kwa mtu wa dago ni mtego, kwa sababu adabu ya dago ni kutopanda na kutojenga.

Yaani kile kile kilichotufanya tupokewe ndicho kilichotunyima. Tungekuwa wageni wabaya, tukapanda minazi ya kuiba na kumwaga zege usiku, leo tungekuwa na namba za rangi nyeupe.

Na si kwamba hapakuwa na mali pale. Ngojeni niwaonyeshe mali yenyewe.

Diko letu lilikuwa la dagaa, na dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Boti zinatoka jioni, zinawasha taa juu ya maji, zamani karabai, sasa taa za betri, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Hapo dago zima linapumzika: watu wanashona nyavu, wanafua, wanagombana, wanaume wanakwenda kwa wake zao Pemba. Sisi hatupangi maisha kwa mwisho wa mwezi kama wenye mishahara, tunapanga kwa giza. Ada ya skuli utalipa lini? Giza lijalo. Harusi ya mtoto lini? Mwezi ukiwa mkubwa, ili watu wawepo.

Alfajiri boti zikirudi, wanawake tushaingia majini, kanga kiunoni, kila mtu na ndoo zake. Bwana diko ananadi. Boti zikija nyingi bei inaporomoka, ikija moja tunanyang'anyana mpaka watu wanatoleana maneno ya kwao. Ukishazipata unakwenda mbio, maana dagaa hangoji. Akikaa mbichi juani tumbo linapasuka, na dagaa aliyepasuka tumbo mnunuzi anamtupia upande. Maji ya chumvi yawe yanachemka kweli kweli. Unamtia dagaa kwenye tenga la plastiki, unalichovya pipani, unamwangalia jicho. Jicho likigeuka jeupe, nyanyua. Ukichelewa wanakuwa uji. Ukiwahi, nje wanakauka na ndani wanaoza, na utajua baada ya wiki gunia likianza kunuka. Halafu unawamwaga kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, unawatawanya kwa mkono kabla hawajashikana. Jua likiwa zuri, jioni unawakusanya wakichakarika. Wingu likitokea ghafla, ni kupiga kelele na kukimbilia maturubai, hata mliokuwa hamsemeshani mnashikiana ncha.

Dagaa hao wanavuka kwenda Dar es Salaam, wanapanda malori, wanaliwa Congo. Ndiyo maana dago letu halikuwa tena la Wapemba peke yao. Walikuwepo watu wa Tanga, walikuwepo akina mama kutoka Mwanza walioijua kazi tangu Ziwa Victoria, na ndio waliotufundisha kutandaza wembamba. Walikuwepo mawakala wa Wakongo na simu zao mbili mbili. Na wenyeji nao walikula humo humo: bibi wa vitumbua, vijana wa kuni, wenye kupokea kodi ya uwanja wa kuanikia, ushuru wa kila ndoo. Nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji pale asubuhi, ungepata tabu kusema.

Mkutano uliitwa chini ya ule mkungu wenye namba. Aliyekuja kutoka ofisini alikuwa mpole, nitamtendea haki, hakututukana. Alisema eneo limepata mwekezaji, itajengwa hoteli, wananchi wenye mali watalipwa, na wahamiaji wanatakiwa wapishe. Mama mmoja akainua mkono akauliza wahamiaji ni nani. Akajibu, "Nyinyi wa vibandani, mama. Nyinyi mna kwenu."

Ati tuna kwetu. Mimi Mzanzibari, nimezaliwa Zanzibar, nina kitambulisho cha Mzanzibari, nahamishwa Zanzibar kwa sababu nina kwetu Zanzibar.

Mzee mmoja mwenyeji, ambaye minazi yake minne imehesabiwa na kwa hivyo hakuwa na sababu ya kusema chochote, alisimama. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe tumewapa zamani, na matunda yake tunakula." Akakaa. Hakuna aliyemjibu, na kwenye maandishi ya mkutano niliyokuja kuyaona hamna maneno yake.

Yalisemwa na mabaya yetu. Moshi. Harufu. Vyoo: hapo sina cha kubisha, vyoo vilikuwa vichache na bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likijaa tulijua sote kinachotokea. Mikoko: kuna waliokuwa wakileta kuni za mikoko usiku, na sisi tulizinunua kwa sababu zinashika moto na bei yake nafuu. Mambo haya yanarekebishika. Pale Misali, kile kisiwa cha magharibi ya Pemba, kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, hawakufukuza wavuvi wote. Walitenga sehemu isiyovuliwa, kwengine wavuvi wakaendelea na kazi, kwa masharti. Ilihitaji watu kukaa kitako na wavuvi na kuzungumza. Mnemba ilikwenda njia nyengine. Wavuvi wa upande ule walikuwa wakilala Mnemba. Leo ni kisiwa cha hoteli, unakipita kwa mbali na ngalawa yako ukiangalia miavuli.

Sina ugomvi na hoteli. Mdogo wangu anapika hotelini Nungwi na mshahara wake ndio ulioezeka nyumba ya mama kwa bati. Ugomvi wangu ni kwamba tangu 2020 tuna wizara nzima ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, mabango yake yana picha ya mvuvi anavuta nyavu, na yule mvuvi wa kwenye bango nyavu zake anaanika wapi? Hilo bango haliulizi.

Tuliomba kitu kimoja tu. Barua ilitupa siku saba, na siku saba zile ziliangukia katikati ya giza. Tukasema: tungojeeni mwezi uwe mkubwa, tuvue giza hili, tukaushe, tuuze, tupate nauli, tutaondoka wenyewe na tutafagia. Nahodha wetu, mtu wa makamo asiyependa kuomba, alikwenda ofisini na kalenda mkononi akawaonyesha tarehe. Akaambiwa tarehe ni tarehe.

Siku yenyewe siiandiki sana. Walikuja boti zimeshashusha, mapipa yanachemka, dagaa wa jana wako kwenye nyavu bado nusu. Kibanda cha makuti hakihitaji tingatinga. Vijana wanne wanafunga kamba kwenye nguzo, wanavuta, kimelala. Makuti wakayakusanya wakayachoma pale pale, majivu yakatua juu ya dagaa. Mama mmoja wa Mwanza akawa anakusanya dagaa wabichi kwa mikono miwili anatia kwenye gunia, analia huku anacheka, anasema hawa hata paka hatakula. Chumvi yangu, gunia zima nililonunua kwa mkopo, ilikanyagwa ikachanganyika na mchanga. Pipa langu liliokolewa na yule bibi wa vitumbua. Alilibingirisha mpaka uani kwake akasema ni lake. Mwanangu alirudi skuli na begi mgongoni akasimama anatafuta mlango.

Wanaume, na hili watu hawalifikirii, hawakuathirika sawa na sisi. Boti ni boti. Jioni ile ile nyengine zilielekea Bagamoyo, nyengine Tanga, moja ikarudi Pemba. Mvuvi akiwa na nyavu na mafuta ana pwani nzima. Mchemshaji ana pipa, jiko la mawe, deni la chumvi, na wateja waliomzoea pahala alipo. Ukimhamisha umemwanzisha upya, na mkopo hauanzi upya.

Mjomba wangu, aliponisikia kwenye simu, alisema jambo ambalo nimelifikiria sana. Yeye ni katika waliovuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, mwaka 2001. Mnaokumbuka mnakumbuka: maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari ya kupinga uchaguzi wa 2000, risasi, watu kufa, na Wapemba zaidi ya 2,000 wakakimbilia Kenya kwa mashua na ngalawa. Wengi wanashangaa walijuaje njia usiku. Njia ilikuwa ya dago. Baba zao walikuwa wakiipita kila mwaka, Shimoni walikuwa na watu wanaowajua kwa majina, na wa kwanza kufika walipokewa na wavuvi kabla ya turubai la msaada kufika. Halafu likaja agizo la kuhamishiwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Dadaab iko Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Bahari huioni wala huisikii. Mjomba alisema kuhama kutoka Pemba kulimuuma kidogo kuliko kutakiwa ahame Shimoni, kwa sababu Shimoni alishaanza kuvua. Yeye akachagua kurudi Pemba, liwalo na liwe. Waliopanda magari wakaenda Dadaab, wengine wakasogea mpaka Somalia, na mpaka 2012 kulikuwa bado na Wazanzibari wanaorudishwa kutoka Mogadishu.

"Wewe ushaanza kazi pahala," akaniambia, "ndipo wanapokuhamisha. Usipoanza kazi hakuna anayekuona."

Na Kenya huko huko, Wapemba waliokwenda dago wakaoa, wakazaa, wakazikana kwa vizazi, waliishi bila vitambulisho mpaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi kuwa moja ya jamii zake na Rais Ruto akaenda Kilifi kuwapa vitambulisho. Kabla ya hapo walikuwa wanavua, wanalisha miji, na kwa karatasi hawapo. Nililia nilipoziona picha zile, na mimi si mtu wa kulia kwa habari za serikali.

Basi tumeandika barua. Tumeiandika sisi wachemshaji, wanaume wametia saini chini. Hatuombi ardhi. Tumeomba kila diko liwe na daftari la wanaofanya kazi pale, mwenyeji na mgeni, jina na kazi yake, ili siku ya kuhesabu minazi tuwe na cha kuonyesha. Tumeomba ilani ya kuhama isiangukie kwenye giza. Hilo halina gharama, ni kuangalia kalenda. Tumeomba pahala pa kuhamia patajwe kwenye barua ile ile inayotuhamisha, penye maji na vyoo, na vyoo tutachangia. Na tumeomba kinacholipwa kiwe pamoja na jiko, pipa, chumvi na mzigo uliokuwa unakauka. Kijana aliyetuchapia alisema tuongeze neno "haki" mara nyingi zaidi. Tumeongeza mara moja.

Jibu bado. Karani aliyepokea alitugongea muhuri kwenye nakala yetu, nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za ushuru wa ndoo. Stakabadhi hizo kumbe ninazo nyingi tu, nilikuwa nazitumia kuwashia jiko, sasa siwashii.

Kwa sasa nipo diko jengine, kusini zaidi, kwa ukarimu wa mtu anayemjua baba. Uwanja wa kuanikia nalipa kwa ndoo, ghali kuliko kule. Pipa langu lilinifuata kwa gari ya ng'ombe mpaka barabarani na kutoka hapo kwa daladala, konda akanilipisha abiria wawili. Mwanangu ameanza skuli ya hapa na tayari ana adui na rafiki. Siku nilipokwenda kutoa ubani, mzee wa hapa alinielekeza kisima, akanielekeza msikiti, akanambia mwamba ule msiuguse. Nikamuuliza, kwa mzaha nusu, kama ningeruhusiwa kupanda mnazi mmoja tu nyuma ya kibanda. Aliniangalia kwa muda.

"Binti wa Mkojani," akasema, "hilo ni swali gani?"

Nilipiga magoti nikaomba radhi, tukacheka. Lakini swali liko pale pale, na nitampelekea mwenye ofisi atakayejibu barua.

Giza linaingia kesho kutwa na chumvi bado sijapata ya kutosha. Nitaandika tena mwezi ukishakuwa mkubwa. Mwenye kujua pa kupata tenga za plastiki imara kwa bei ya jumla soko la Darajani mjini, aniandikie hapo chini.